Kujikosoa Baada ya Chakula cha Mchana

Sikufichi, siku ya kwanza nilipoona wazungu wakishauriwa nilisikia raha mpaka nikaona haya.

Lazima unielewe. Mimi nilitoka Dar es Salaam, wizarani, elimu. Nilianza kama mpiga chapa, nikapanda nikawa katibu muhtasi, na katika miaka yote hiyo kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga chapa ripoti za washauri. Walikuwa wakishuka na ndege ya asubuhi, wanapewa gari na dereva, wanazungushwa shule mbili tatu, tena zile zilizopakwa chokaa jana yake, halafu wanakaa hotelini wanatuandikia kwamba tuna matatizo. Makubwa! Kwani sisi tulikuwa hatujui? Nilipiga chapa maneno yale mpaka yakaniingia usingizini: ufanisi, uwajibikaji, kupunguza, kuunganisha, kufunga. Hasa kufunga. Sijawahi kuona mshauri aliyepanda ndege kuja kusema jambo lisifungwe.

Basi mume wangu akapata kazi ya udereva ubalozini, Brussels. Nikamfuata, tukapanga Evere, na mimi baada ya kukaa dirishani nikihesabu mabasi na kuchoka nikajifunza Kifaransa, nikatafuta kazi. Nikaipata kwenye jumuiya moja ndogo iliyokuwa na ofisi karibu na yale majengo makubwa ya Ulaya. Kazi yenyewe? Ukatibu muhtasi. Wa nani? Wa washauri! Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka mzee aliyekaa pembeni yangu akahama kiti.

Ila safari hii wanaoshauriwa hawakuwa sisi. Ukomunisti ulikuwa umekwisha, na vyuo vikuu vya huko mashariki ya Ulaya vilitakiwa vibadilishwe vifanane na vya huku. Jumuiya yetu ilikuwa ikivioanisha: chuo cha kule kinapewa wabia wa huku, wabia wanaunda kamati, kamati inashauri. Mimi nilikuwa naandaa vyumba vya hoteli, faksi, kahawa, na ile mikate ya jibini ambayo Wabelgiji wanaiita chakula cha mchana bila kuona aibu. Na kila wiki nilikuwa nakaa kwenye kona na taipureta yangu, nikitazama wanaume wa kizungu waliovaa suti nzito za kahawia wakiambiwa na wanaume wa kizungu waliovaa suti nyepesi za buluu: ufanisi, uwajibikaji, kupunguza, kufunga. Wale wa suti za kahawia walikuwa wakiitikia kwa kichwa na kuandika, kama wakubwa wangu wa wizarani walivyokuwa wakifanya, na mimi nilijua kabisa wanachoandika ni orodha ya vitu vya kununua kabla ya kurudi kwao.

Kamati ninayotaka kukueleza ilikuwa na watu wawili tu wa kuwaangalia. Mwenyekiti alikuwa Mbelgiji, profesa mwenye masharubu na kiko, mtu mpole, ila alikaa kwenye kamati nyingi kiasi kwamba alikuwa akifungua mkutano huku akipekua karatasi ajue ni upi. Wa pili alikuwa Mholanzi mrefu, mtaalamu wa utawala wa vyuo. Huyo hakuwa mpole. Huyo alikuwa na ushauri mmoja na aliupenda: idara ndogo zote zifungwe.

Ujumbe ukaja, siku ya Ijumaa, mvua inanyesha kama kawaida yake. Walikuwa watatu. Mkuu wa Chuo, pande la mtu, na begi lake limejaa soseji na matango ya chumvi kwa sababu alikuwa hauamini mkate wa mtu mwingine. Mkuu wa Kitivo cha Uchumi, kijana, tai mpya, tayari anajua maneno yote ya washauri na anayasema kabla yao. Na mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, ambaye nilielezwa kwamba amekuja kumtafsiria Mkuu wa Chuo, maana Mkuu hajui Kifaransa.

Nikapita na sinia la kahawa. Yule mama akaangalia jina langu kwenye kile kibandiko cha kifuani, akaangalia uso wangu, akasimama wima kama anakwenda kusoma taarifa ya habari. Akasema:

"Hujambo, ndugu? Habari za asubuhi?"

Haki ya Mungu, niliachia sinia. Vikombe vyote chini. Mkuu wa Chuo akaruka kuokoa begi lake la soseji.

"Shikamoo," nikasema nikiwa nimepiga magoti kwenye kahawa.

"Marahaba," akajibu, na akapiga magoti naye tukaokota vigae. "Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza."

Uliojitokeza! Nani anasema hivyo akiwa chini ya meza? Lakini ndivyo alivyosema, herufi kwa herufi, kila irabu imepigwa pasi. Nikamwuliza, Mama, umekaa Dar? Umekaa Unguja? Hapana. Mombasa? Hapana. Alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Enzi ya ujana wake serikali yao ilitaka urafiki na Afrika, ikaanzisha idara ya Kiswahili chuoni, ikamchagua yeye, ambaye sasa ndiye profesa wake. Akajifunza kwa wanafunzi wachache waliotoka kwetu, walipoondoka akaendelea na redio, usiku kwa usiku, sikio limebanwa kwenye spika. Kila alipoomba ruhusa ya kusafiri walimwambia mwakani. Mwakani ikawa mwakani mpaka serikali yenyewe ikaanguka, na sasa ruhusa ilikuwepo ila nauli haikuwepo.

Tukawa jikoni tunasuuza vikombe. Nikamwambia, Mama Profesa, karibu sana, umenifurahisha leo. Akanikaushia uso.

"Ndugu," akasema, "idara yangu ina walimu wawili na wanafunzi saba. Jumatatu kamati itapendekeza ifungwe. Mkuu wangu ameshaahidi vyumba vyetu kwa Kitivo cha Uchumi. Na mimi ndiye nitakayemtafsiria pendekezo hilo."

"Wewe mwenyewe utafsiri kufungwa kwako?"

"Hakuna mwingine anayejua Kifaransa. Kijana wa Uchumi anajua yale maneno ya washauri tu."

Nimezaliwa na hasira, mume wangu atakuambia. Nikamwuliza, ikifungwa utakwenda wapi? Akasema atakwenda nyumbani, atastaafishwa, ataongea Kiswahili na paka. Hakusema kwa kutafuta huruma. Alisema kwa sauti ileile ya taarifa ya habari, na ndiyo iliyonichoma.

Jumamosi nikampitia hotelini. Nilitaka asahau kidogo, na yeye alitaka kitu kimoja: kusikia Kiswahili kikisemwa barabarani, na watu ambao hawajalipwa kukisema. Nikampeleka Chaussée de Wavre, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, kwenye duka la maman mmoja wa Bukavu ambaye nilikuwa nanunua kwake kisamvu, ambacho yeye anakiita sombe. Njiani Mama Profesa alijitengeneza nywele mara kadhaa kama bibi harusi.

Tukaingia. Maman alikuwa anafunga makayabu, ule samaki wa chumvi, kwenye gazeti, huku anamgombeza mteja. Mama Profesa akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Naomba unipatie majani ya muhogo, tafadhali, iwapo yanapatikana."

Wateja wakageuka. Maman akaweka samaki chini.

"Eh! Mungu wangu! Uyu muzungu anasema Swahili bora!" Akamgeukia vizuri. "Maman, unatokaka Tanzania?"

"La, mama. Sijajaliwa kufika."

"Bon." Maman akanigeukia mimi, akanipima juu mpaka chini. "Na weye uko muntu wa wapi?"

Yaani mzungu kaulizwa kama ni Mtanzania, na mimi Mtanzania naulizwa ni mtu wa wapi! Nikajitetea, hakuna aliyenisikiliza. Wateja walishamzunguka Mama Profesa. Tonton mmoja, yaani mjomba, mtu wa Bujumbura anayeishi Molenbeek na alikuwa amekuja tu kununua unga, akamwomba aseme tena "iwapo yanapatikana". Akasema. Wakapiga kelele. Akamwomba aseme habari za Ikulu. Akasema, na mwanzoni akaweka "Hii ni taarifa ya habari". Tonton akashika mbavu, akasema alors, huyu ni redio ya baba yangu kabisa, redio imevaa koti.

Mimi nilikuwa tayari kugombana na mtu. Niliona wanamcheka. Kumbe mwenyewe alikuwa amesimama katikati yao mashavu yamemwiva, anawauliza: mnasema "mutoto"? Na wakiwa wengi? Na mnapouza mnasemaje? Bei anatajiwa kwa Kifaransa, cent cinquante, anataka kujua kwa nini si mia moja na hamsini, na maman anamwambia, maman, Swahili ni ya kusema, feza ni ya Kifaransa. Walipomaliza kubishana maman akatupia konzi ya pilipili juu ya sombe yake, bure, akasema matabishi hiyo, ndivyo wanavyoita nyongeza ya mteja. Mama Profesa aliishika ile pilipili njia nzima mpaka hotelini, hakutaka kuiweka kwenye mfuko.

"Ndugu," akaniambia mlangoni, "nimefundisha maisha yangu yote, na leo sikuelewa nusu ya yale waliyosema."

Nikamwambia, usijali Mama, hata mimi siwaelewi wakianza. Hakucheka. Nilidhani amechoka na mvua.

Jumatatu ikafika. Mkuu wa Chuo akasoma ripoti yake, Mama Profesa anatafsiri. Ilikuwa ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga chapa. Kila kitu chuoni mwake kilikuwa bora. Maktaba bora. Mabweni bora. Walimu wamevuka malengo, wanafunzi wamevuka malengo, nadhani hata mbwa wa mlinzi alikuwa amevuka malengo. Mholanzi akawa anatafuna kalamu. Mwenyekiti akatoa kiko mdomoni.

"Mheshimiwa," akasema, "tunawashukuru. Lakini kama hamna udhaifu wowote, sisi tutawasaidia nini? Baada ya chakula cha mchana, naomba tufanye kikao cha wazi. Kila mmoja wenu asimame aseme kwa uaminifu udhaifu wake na wa idara yake. Hii kwetu ni kawaida. Msiogope."

Mama Profesa akatafsiri. Nilikuwa nammiminia Mkuu wa Chuo kahawa, kwa hiyo niliuona uso wake kwa karibu. Hakuogopa hata chembe. Uso wake ulifunguka kama mtu aliyepotea njia kwenye mji wa kigeni akaona duka la nyumbani. Alisema neno moja tu na wenzake wakaitikia kwa kichwa, na sikuhitaji mkalimani.

Kujikosoa! Masikini wazungu wa watu, hawakujua walichokiomba. Waliomba tathmini, na wale wa mashariki wakasikia jambo wanalolijua tangu wakiwa shule. Na mimi nalijua pia, kwa sababu nimekaa mikutano ya tawi la chama mpaka makalio yakafa ganzi. Kujikosoa na kukosoana kuna ufundi wake. Unasimama, unakiri kosa. Kosa lenyewe liwe dogo, na likiwezekana liwe sifa: najituma kupita kiasi, nasahau kupumzika. Kisha mwenzako anasimama "kukusaidia", yaani anakuongezea kosa ambalo hukulisema. Unamshukuru. Unaahidi kujirekebisha. Makofi. Mnakwenda kunywa chai. Anayekwenda kinyume na utaratibu huo anaumia mwenyewe.

Nikamvuta Mama Profesa jikoni. Nikamwambia, Mama, kosa dogo! Sema unachelewa.

"Sichelewi kamwe."

"Sema unatumia chaki nyingi!"

Akafikiri, akatabasamu. "Chaki ni nzuri. Chaki inaonyesha kwamba kuna masomo."

"Basi chaki. Na umalizie kwa kusema wanafunzi wanapenda. Usitoke hapo, tafadhali Mama, watu hawa wana kisu mkononi."

Akanipa mkono tukakubaliana: chaki.

Baada ya mikate ya jibini na soseji za Mkuu, kikao kikaanza. Mkuu wa Chuo akasimama wa kwanza, akafunga vifungo vya koti, akakiri kwamba anawapenda wafanyakazi wake kupita kiasi na hivyo anashindwa kuwakemea. Safi kabisa, kazi ya fundi. Akakaa. Kijana wa Uchumi akasimama "kumsaidia". Akasema Mkuu hakutaja kwamba basi la chuo huwa linabeba viazi vya shamba lake kila msimu wa mavuno, na wanafunzi wanakwenda kwenye mazoezi ya vitendo kwa miguu.

Mama Profesa alitafsiri viazi bila kupepesa. Mwenyekiti akawa mwekundu kwa niaba ya mwenzake. Nadhani alitegemea ngumi. Badala yake Mkuu akasimama, akamshukuru kijana kwa dhati, akaahidi kujirekebisha, akakaa, akakata tango.

Jamani, wale washauri! Sijawahi kuona watu wazima wakiguswa namna ile. Mwenyekiti alisema tangu aanze kazi ya chuo hajawahi kumwona mkuu akisemwa vile na kushukuru. Kwao, alisema, mtu ukimgusia tu maegesho ya gari lake hamsalimiani mpaka kustaafu. Akashindwa kuvumilia, akasimama na yeye. Akakiri kwamba amekuwa kwenye kamati nyingi mno, na kwamba asubuhi ile aliwakaribisha wageni akiwa na hakika wametoka nchi nyingine. Wageni wakampigia makofi. Akakaa anafuta miwani.

Basi ikawa kama mapepo yamepanda. Mholanzi akasimama, urefu wote ule. Akasema kwamba katika kila nchi aliyokwenda amependekeza idara ndogo zifungwe, na kwamba hajawahi kuuliza hata mara moja idara hizo zinafundisha nini. Anajiona, alisema, kama daktari anayempa kila mgonjwa dawa ya minyoo. Makofi! Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni na birika la kahawa, nimejiuma shavu kwa ndani nisiangue kicheko. Roho yangu ikatulia. Nikajua tumepona. Ila Mholanzi akamalizia: "Hata hivyo, kwa chuo hiki, pendekezo langu linabaki palepale." Loo, ushenzi wa mtu huyu.

Ikafika zamu ya Mama Profesa.

Akasimama. Alitakiwa aseme kwanza Kifaransa, kwa ajili ya kamati, halafu ajitafsirie mwenyewe. Nikamtazama, nikaonyesha kwa vidole kama naandika ubaoni. Chaki, Mama. Chaki!

"Idara yangu ni dhaifu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimefundisha lugha ya watu ambao sijawahi kuwatembelea. Nimewafundisha wanafunzi wangu kusoma taarifa ya habari. Juzi nilikwenda dukani na sikuelewa wanunuzi wala wauzaji, na watu walicheka, na walikuwa na haki. Mwanafunzi wangu akishushwa leo kwenye mji wowote wa Afrika Mashariki, atajua kutangaza hali ya hewa na hatajua kuomba maji. Kosa hili ni langu. Sikulisema kwa sababu niliogopa idara itafungwa."

Kalamu ya Mholanzi inakimbia kwenye karatasi. Mwenyekiti akasema kwa upole, ule upole wa kuzika, "Bibi, tunakushukuru sana. Ukweli wako unaturahisishia kazi." Nami nilikuwa nimewaka hasira, na birika bado liko mkononi. Hasira na nani? Na yeye! Unamfundisha mtu mzima, mnapeana mikono, halafu anakwenda kujichinja mwenyewe mbele ya wageni! Nilitaka kumvuta kwa koti nimrudishe jikoni.

Yeye akamgeukia Mkuu wake, akarudia yote kwa lugha yao. Na hapo ndipo lilipotokea lililotokea.

Nimekuambia kujikosoa kuna utaratibu wake. Sehemu moja nilikuwa nimeisahau, kwa sababu kwenye tawi letu hakuna aliyewahi kukiri kosa kubwa. Mkuu wa Chuo hakuisahau. Alipomaliza kusikia, alisimama bila kufikiri, kama mtu anavyosimama wimbo wa taifa ukipigwa. Akasema sentensi moja kwa sauti nzito, akapiga makofi. Kijana wa Uchumi, na tai yake mpya, akasimama naye akapiga makofi. Mama Profesa akabaki amewatazama.

"Amesema nini?" Mwenyekiti akauliza.

Mama Profesa akamgeukia. "Amesema, mkutano umepokea kujikosoa kwa mwenzetu, na unampa muda wa kujirekebisha."

"Muda? Hapendekezi ifungwe?"

Akauliza. Mkuu, mikono bado iko hewani, akajibu kwa mshangao wa kweli kabisa: aliyekiri yote hawezi kuadhibiwa kabla ya kujirekebisha. Huwezi. Haijawahi kutokea. Kwa nini basi mtu akiri?

Ndugu yangu, ungemwona Mwenyekiti! Aliruka kwenye kiti. Kwa miaka yote ile washauri walikuwa wakilia kwamba watu wa mashariki wanasubiri kuambiwa, hawaamui wenyewe. "Wameamua!" akasema akimshika Mholanzi bega. "Uamuzi wao wenyewe! Bila sisi!" Akanigeukia, akaniamuru niandike kwenye kumbukumbu za mkutano sasa hivi: idara ya Kiswahili inabaki, na mwalimu wake atasaidiwa kwenda kurekebisha udhaifu uliotajwa. Mholanzi akafungua mdomo, akaufunga. Angepinga vipi uamuzi wa wenyewe, na yeye ametoka kukiri dhambi zake muda si mrefu?

Nilikaa kwenye taipureta. Sijawahi kupiga chapa kwa nguvu vile tangu nizaliwe. Nilikuwa nimefika kwenye nukta ndipo Mkuu wa Chuo alipokumbuka vile vyumba. Nilimwona. Mikono ilishuka taratibu, akamtazama kijana wa Uchumi, kijana akamtazama yeye, wote wawili wametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Lakini walishapiga makofi. Mbele ya wageni.

Niliposindikiza ujumbe kituo cha treni, nilimshika Mama Profesa pembeni. Nikamwambia, Mama, umenipa presha, lakini nakuvulia kofia. Ulijua tangu mwanzo kwamba Mkuu atasimama, sivyo? Ulikuwa umewatega.

"Hapana," akasema. "Sikujua. Ndugu, maisha yangu yote nimesimama mbele za watu nikakiri makosa ambayo sikuyafanya. Chaki, saa, mapambo ya ukutani. Nilichoka. Nilisema, kama wanafunga, wafunge kwa sababu ya kweli." Midomo ilikuwa inamcheza. "Sikujua kwamba watapiga makofi."

Nikamkumbatia palepale, Mkuu wa Chuo anatazama saa yake.

Muda ukapita. Jumuiya ikatimiza neno, kwa kuchelewa kama kawaida ya jumuiya, na siku moja Jumapili simu ikalia nyumbani Evere. Kelele za watu, honi, mtu anauza kitu kwa sauti. Halafu sauti inapiga kelele juu ya yote:

"Niko Kariakoo! Ndugu, unanisikia? Niko Kariakoo!"

"Mama Profesa! Shikamoo! Wanakutendeaje?"

"Wananicheka!" Nikamsikia anapenga kamasi. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikajikuta machozi yananitoka jikoni kwangu. "Kila nikifungua mdomo wananicheka, halafu wananisahihisha. Mwenye duka, kondakta, watoto. Leo nimenunua viatu nikabishana bei, na mama mmoja akaniambia, bibi wewe, usituletee za kuleta!"

"Hee! Basi umeiva!" nikamwambia. "Umesharekebishika, Mama. Rudi sasa uwatangazie kwamba kazi imekwisha."

Upande ule honi zikazidi. Halafu akaongea taratibu, mdomo karibu kabisa na simu, na safari hii wala haikuwa sauti ya taarifa ya habari.

"We mtoto, koma. Usithubutu kumwambia mtu. Siku nitakayomaliza kujirekebisha, watafunga."